Mbolea ya Maua ya Ndani: Isome, Uipime, Ndipo Uitie

Mwandishi wa somo hili aliwahi kuua ua kwa mbolea nzuri. Lilikuwa chipukizi la masale alilopewa na bibi yake huko Marangu, akalipanda katika chungu cha lita mbili na kuliweka sebuleni, Dar es Salaam. Wasomaji waliokulia Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa kwamba masale si pambo tu: huoteshwa mpakani mwa kihamba, na jani lake hupelekwa kwa mtu anayeombwa msamaha. Majani yalipoanza kupauka, mwandishi alikwenda kwenye bustani moja ya miche kando ya barabara, akauziwa punje nyeupe zilizofungwa katika kifuko kisicho na maandishi, na akaelekezwa atie kizibo kimoja cha soda kuzunguka shina. Alitia, akamwagilia. Baada ya siku chache ncha za majani zilikuwa za kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni. Wiki ya tatu shina lenyewe lililegea.

Muuzaji alipoulizwa baadaye alionyesha mfuko alimochota. Ulikuwa mfuko wa urea, wenye lebo yake kamili. Wala kipimo alichokitaja hakukibuni: kizibo kimoja cha soda, ambacho hubeba takriban gramu 5, ndicho kipimo kinachofahamika na wakulima wengi wa mahindi kwa kila shimo. Kwa hiyo mbolea ilikuwa halali na ushauri ulikuwa sahihi, ila ulikuwa ushauri wa mahindi aliopewa mtu mwenye chungu. Lau kifuko kile kingekuwa na lebo, namba 46 ingeonekana, na mnunuzi angeweza kupiga hesabu kabla ya kutia. Hesabu hiyo ndiyo tunayojifunza hapa. Haizidi kiwango cha shule ya msingi.

Namba tatu za kwenye lebo

Kila mbolea yenye virutubisho vikuu huandikwa namba tatu zinazofuatana, kwa mfano 17-17-17 au 18-46-0. Namba ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni kwa uzito, ya pili ni ya fosforasi, na ya tatu ni ya potasiamu. Urea huandikwa 46-0-0: katika kila gramu 100 za urea, gramu 46 ni naitrojeni, na humo hamna fosforasi wala potasiamu. Mbolea ya kupandia iitwayo DAP ndiyo hiyo 18-46-0.

Kuna jambo moja ambalo lebo haiwaelezi wanunuzi, nalo ni desturi ya zamani ya wakemia. Fosforasi na potasiamu hazihesabiwi zikiwa peke yake bali zikiwa zimeungana na oksijeni. Ili kupata fosforasi halisi, zidisha namba ya pili kwa 0.44, ili kupata potasiamu halisi, zidisha namba ya tatu kwa 0.83. Hivyo mbolea ya 17-17-17 ina fosforasi halisi isiyofikia asilimia 7.5. Huu si udanganyifu wa mtengenezaji, kwani desturi hii hufuatwa katika nchi nyingi duniani. Mwenye kutunza maua nyumbani hahitaji kuikumbuka kila siku. Inatosha ajue kwamba naitrojeni ndiyo namba inayosomwa moja kwa moja, na ndiyo tutakayoitumia kupimia.

Kazi za virutubisho hivi si ngumu kuzieleza. Naitrojeni hujenga majani na rangi yake ya kijani. Fosforasi huhusika na mizizi, maua na matumizi ya nishati ndani ya mmea. Potasiamu husaidia mmea kutawala maji yake na kustahimili shida. Maua mengi ya ndani hufugwa kwa ajili ya majani, na mimea ya namna hiyo huridhika na mbolea ambayo namba zake zinakaribia uwiano wa 3-1-2, yaani naitrojeni nyingi kidogo, fosforasi haba na potasiamu ya wastani. Msomaji atakutana na vifungashio vyenye picha ya ua lililochanua na namba kubwa sana katikati, vikiahidi maua mengi. Mmea wa chungu hauhitaji fosforasi kiasi hicho. Sehemu kubwa hubaki kwenye udongo au hutoka na maji. Ua lisilochanua mara nyingi linahitaji mwanga zaidi, na mwanga hauuzwi dukani.

Hesabu ya kizibo

Sasa turudi kwenye masale. Kizibo cha gramu 5 za urea, kwa asilimia 46, kina gramu 2.3 za naitrojeni, ambazo ni miligramu 2,300. Je, ua la ndani linahitaji kiasi gani?

Kipimo kinachofaa kwa maua mengi ya ndani ni maji yenye miligramu 100 hivi za naitrojeni kwa lita. Chungu cha lita mbili hunyweshwa takriban robo lita kwa mara moja. Robo ya miligramu 100 ni miligramu 25. Ua likipewa dozi hiyo mara moja kwa mwezi, miligramu 2,300 zingetosha dozi 92, yaani zaidi ya miaka saba. Mwandishi alitia chakula cha miaka saba asubuhi moja.

Shambani hesabu ni nyingine. Mhindi mmoja hukua kwa miezi mitatu au minne, hujenga shina refu kuliko mtu, hubeba gunzi, na mizizi yake huenea katika udongo mwingi ambao mvua huuosha. Masale ya sebuleni huongeza majani machache tu kwa mwaka na mizizi yake imezungukwa na ukuta pande zote. Kizibo kilekile ni mlo huku na ni sumu kule.

Njia rahisi ya kupata miligramu 100 kwa lita ni kutumia mbolea ya maji au ya unga unaoyeyuka wote. Chukua mfano wa unga wa 20-20-20. Gramu moja ina miligramu 200 za naitrojeni. Gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, zina miligramu 1,000. Zikiyeyushwa katika ndoo ya lita 10 unapata miligramu 100 kwa kila lita. Kijiko kimoja cha chai, ndoo moja ya lita 10: kwa unga wenye asilimia 20 ya naitrojeni, kipimo kinachofaa kukumbukwa ndicho hicho. Kama namba ya kwanza ni 10, vijiko ni viwili. Kama ni 30, punguza kijiko kiwe pungufu ya robo tatu. Vijiko vya majumbani havilingani, kwa hiyo mwenye mizani ndogo ya jikoni aitumie angalau mara ya kwanza, kisha akiweke kijiko hicho mbali na vyombo vya kulia kisirudi mezani tena.

Mtu mwenye maua matatu hahitaji ndoo nzima. Hata hivyo, ni heri kuchanganya lita 10 na kumwagia maji yanayobaki kwenye mchicha wa uani kuliko kubahatisha ncha ya kijiko katika kikombe.

Punje za 17-17-17 zinazouzwa kwa ajili ya mashamba huweza kutumika, lakini haziyeyuki zote; hubakiza tope, na mtumiaji hawezi kujua hasa ni kiasi gani kimeingia majini. Urea yenyewe huyeyuka upesi, ila haifai kwa chungu kwa sababu nyingine. Ili mmea uitumie vizuri ni lazima kwanza vijidudu vya udongo viibadilishe kuwa amonia, kisha naitreti. Katika chungu kilichojazwa vumbi la makumbi ya nazi, vijidudu hivyo huwa vichache kuliko katika udongo wa shamba, na amonia inayokusanyika huunguza mizizi. Haifai mtu kutumia urea kwa maua ya ndani hata akiwa na mizani sahihi.

Chungu hakina mvua

Mbolea nyingi za viwandani ni chumvichumvi. Zikiwa chache majini, mizizi hunywa bila taabu. Zikizidi, mambo hugeuka: maji huvutwa kutoka kwenye mizizi kuelekea kwenye udongo wenye chumvi, na mmea hunyauka huku udongo umelowa. Mwenye ua huona mnyauko, hudhani ni kiu, humwagilia. Au huona majani yamepauka, hudhani ni njaa, huongeza mbolea. Makosa yote mawili huzidisha tatizo lilelile.

Dalili za chumvi kuzidi huonekana kwa macho. Utando mweupe hutokea juu ya udongo au kwenye kingo za chungu cha udongo wa kufinyanga. Ncha za majani hukauka na kuwa kahawia. Katika ukanda wa Pwani dalili hizi huja haraka zaidi, maana nyumba nyingi hutumia maji ya kisima ambayo tayari yana chumvi kabla ya mbolea kutiwa. Mtu anayemwagilia kwa maji ya kisima chenye ladha ya chumvi apunguze mbolea kwa nusu, na akinge maji ya mvua kila inaponyesha.

Dawa yake ni kuosha udongo. Kila baada ya miezi mitatu hivi, peleka chungu bafuni au uani na umimine maji safi polepole, kiasi cha mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, yapite yote na kutoka chini. Kisha subiri kisahani kijae na ukimwage. Usiyaache maji hayo yanyonywe tena, kwa kuwa ndiyo yaliyobeba chumvi uliyotaka kuiondoa. Chungu kisicho na tundu chini hakioshwi, na kwa sababu hiyo hakifai kutiwa mbolea mara kwa mara. Vyungu vizuri vya kauri visivyo na tundu vinapendeza sana madukani. Vitumike kama ganda la nje, ua likae ndani yake katika kopo lenye matundu.

Kabla ya kutia chochote, mtumiaji aangalie kwanza kama ua linakua. Ua lisilotoa jani jipya halili, nalo likilazimishwa kula hudhurika. Ua lililotoka kubadilishiwa udongo lisubiri mwezi mmoja au zaidi. Ua lililo kwenye korido yenye kiza lipewe nusu ya kipimo au lisipewe kabisa. Hatuna majira ya theluji, kwa hiyo ushauri wa vitabu vya Ulaya wa kuacha mbolea wakati wa baridi hauwahusu wakazi wa Tanga au Mtwara; lakini huko Njombe, Mbeya na Arusha, kati ya Juni na Agosti, maua hupunguza mwendo, na mbolea nayo ipunguzwe.

Si kila njano ni njaa. Upungufu wa naitrojeni huanzia kwenye majani ya chini, yaliyo makongwe, kwa sababu mmea huihamisha naitrojeni kutoka huko kuipeleka kwenye majani machanga. Upungufu wa chuma huanza juu: majani mapya huwa ya njano ilhali mishipa yake imebaki kijani. Sababu ya kawaida kuliko hizo zote ni maji kuzidi. Ingiza kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Kama umelowa, ahirisha mbolea na ahirisha maji.

Inafaa pia kukumbuka maua haya yametoka wapi. Zamioculcas, lile lenye majani mazito yanayong'aa ambalo sasa limejaa katika benki na hoteli za dunia nzima, asili yake ni Afrika Mashariki na Kusini, Zanzibar ikiwemo. Hutunza akiba katika viazi vyake chini ya udongo na huweza kukaa miezi mingi bila mbolea. Ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia lilipelekwa Ujerumani kutoka Usambara mwaka 1892. Kwao huota kwenye miamba yenye kuvumwani, ambako chakula huja kidogo kidogo na maji yanayochuruzika. Hili hupendelea robo ya kipimo, likinyweshwa kutoka chini kupitia kisahani ili majani yake yenye manyoya yasilowe. Mimea ya namna hii haikuzoea karamu.

Mbolea za nyumbani

Mboji iliyoiva vizuri na samadi ya ng'ombe iliyokaa muda mrefu hadi ikapoteza harufu ni vyakula vyema kwa ua. Changanya sehemu moja kwa sehemu nne au tano za udongo wakati wa kupanda. Samadi mbichi ya kuku haifai ndani ya nyumba: ina amonia nyingi, huunguza mizizi, na harufu yake haihitaji maelezo.

Majivu ya kuni yana potasiamu, lakini hupunguza asidi ya udongo, hivyo yatumike kwa uchache mno. Yasichanganywe kamwe na mbolea yenye amonia, kwa kuwa naitrojeni itaondoka hewani kama gesi. Maganda ya mayai huoza taratibu sana hata yakisagwa. Ua halitayafaidi mwaka huu. Maji ya maganda ya ndizi hayadhuru yakiwa mapya, lakini virutubisho vyake ni haba na havijulikani kipimo chake, na yakichacha huleta vijinzi. Chicha la kahawa na majani ya chai yapelekwe kwenye shimo la mboji kwanza.

Kulinganisha bei

Chupa ndogo ya mbolea ya maji huonekana ya bei nafuu kwa sababu ni ndogo. Tuseme chupa ya nusu lita yenye namba 3-1-2 inauzwa shilingi 6,000, na pakiti ya kilo moja ya unga wa 20-20-20 inauzwa shilingi 12,000. Chupa ina takriban gramu 15 za naitrojeni. Kila gramu imekugharimu shilingi 400. Pakiti ina gramu 200. Kila gramu ni shilingi 60. Bei hizi ni za mfano, lakini njia ya kulinganisha ni hiyohiyo kwa bei yoyote: zidisha uzito kwa namba ya kwanza, gawanya kwa 100, kisha gawanya bei kwa jibu. Mwenye ua moja mezani anaweza kuichagua chupa kwa wepesi wake na asiwe amekosea. Mwenye maua ishirini barazani anajilipisha mno.

Kuna pia punje zilizofunikwa kwa utando, ambazo huachia virutubisho polepole kwa miezi mitatu, sita au zaidi. Ni nzuri kwa mtu msahaulifu. Ila idadi ya miezi iliyoandikwa hupimwa kwenye joto la nyuzi 21 au 25, na utando huachia haraka zaidi joto linapopanda. Pwani, palipo na nyuzi 30 kwa miezi mingi, pakiti ya miezi sita isitarajiwe kufika miezi sita, na ipimwe chini ya kiwango kilichoelekezwa ili isiachie vingi kwa pamoja.

Unaponunua, na baada ya kununua

Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inataka mbolea isajiliwe kabla ya kuuzwa nchini, na anayeiuza awe ameruhusiwa kufanya biashara hiyo. Usimamizi wa jambo hilo uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania. Sheria haisemi kwamba mwenye chungu kimoja ana haki ndogo kuliko mwenye ekari hamsini. Soma kifungashio kabla hujalipa: jina la mbolea, namba tatu, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji au mwingizaji, na maelekezo ya matumizi katika lugha unayoielewa. Kifungashio kilichofunguliwa na kushonwa upya, chenye maandishi yaliyofutika au chenye unga ulioganda kama jiwe, kiache dukani. Mbolea iliyochotwa na kufungwa katika kifuko kitupu usiinunue, hata kama muuzaji ni jirani unayemwamini. Dai risiti.

Nyumbani, mbolea ibaki katika kifungashio chake na ikae juu, mahali pakavu ambapo mtoto hafiki. Urea hufanana na sukari na chumvi kiasi kwamba mtu mzima hawezi kuitofautisha kwa kuitazama tu. Mbolea ya maji isihamishiwe kamwe katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda, hata kwa usiku mmoja, na hata ukiandika juu yake kwa kalamu: mtoto wa miaka mitatu hasomi. Mbolea zenye naitreti zikimezwa huweza kuizuia damu kubeba oksijeni. Mtu akimeza, asitapishwe. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na kifungashio kipelekwe pamoja naye ili mhudumu asome kilichomo.

Ukiamini kwamba mbolea uliyouziwa si ile iliyoandikwa, acha kuitumia lakini usiitupe. Itunze iliyobaki ndani ya kifungashio chake, pamoja na risiti, andika tarehe uliyonunua na ile uliyotumia, kiasi ulichotia na yaliyotokea, kisha peleka malalamiko katika ofisi ya Mamlaka iliyo karibu nawe au kwa afisa kilimo wa halmashauri yako. Wakaguzi wanaweza kwenda dukani na kuchukua sampuli ya kupimwa maabara. Bila kifungashio, sampuli haina jina la kulinganishwa nalo. Mwandishi wa somo hili alipotaka kulalamika kuhusu masale yake, alikuwa na kifuko kitupu na hakuwa na risiti. Bibi alimpa chipukizi jingine, nalo hadi leo hunyweshwa robo lita yake ya mbolea kila mwisho wa mwezi.